Mwanao Akikuambia Anataka Kubadili Masomo ya Chuo Kikuu

Tuseme ni jioni ya mwezi wa Novemba nyumbani kwako, huku Newala, au Kitangari, au kijiji cho chote cha uwanda wetu wa juu wa Makonde. Korosho umekwisha kuzipeleka kwenye ghala la chama cha msingi, nawe wangoja mnada. Mama watoto anapima maji ya kupikia kwa uangalifu, maana huku kwetu maji si kitu cha kumwaga. Watoto wadogo wanagombania mkeka. Mara simu inalia. Ni mwanao, yule wa Chuo Kikuu, aliyepanda basi la Dar es Salaam wiki tatu zilizopita akiwa na sanduku jipya na godoro lililokunjwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

Kimya kidogo. Kisha anasema, "Baba, nataka kubadili kozi."

Wewe ungejibu nini?

Wazazi wengi, tukisema kweli, wangejibu kwa ukali. Si kwa sababu hawampendi mtoto, bali kwa sababu mara moja moyo unakumbuka gharama. Unakumbuka mwaka ule alipoingia kidato cha tano, nawe hukuweza kungoja bei ya mnada, ukauza magunia mawili kwa kangomba usiku ili apate nauli na ada. Unakumbuka mjomba wake aliyetoa mbuzi. Unakumbuka jinsi watu wa jumuiya walivyochanga, huyu elfu mbili, yule elfu tano, na jinsi jina lake lilivyotajwa mbele ya watu kwamba kijana wetu anakwenda kusomea udaktari. Sasa asema hataki udaktari. Utawaambia watu nini?

Jambo hili si la nyumba moja. Vijana wa mkoa wetu waendao vyuo vikuu wameongezeka kuliko zamani, na kila mwaka baadhi yao hufika huko wakaona wameingia mlango usio wao. Kwa sababu hiyo yafaa sisi wazazi tulielewe kabla simu haijalia, kwa maana likitufika ghafula twaweza kumvunja mtoto kwa neno moja, au kinyume chake, kumwachia afanye jambo la kitoto litakalompotezea mwaka mzima na fedha zote.

KOZI NI KITU GANI?

Wengi wetu hatukusoma Chuo Kikuu, basi tuanze na hilo. Shule ya sekondari mtoto husoma masomo mengi pamoja, akishindwa moja hushika jingine. Chuo Kikuu sivyo. Mwanafunzi huandikwa katika kozi moja tangu siku ya kwanza, na kozi hiyo ndiyo safari yake yote mpaka shahada. Kozi ya udaktari wa binadamu ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Uhandisi ni miaka minne. Ualimu, kwa kawaida, ni miaka mitatu. Kila kozi ina lango lake, na lango hilo hulindwa na sheria. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye kueleza ni ufaulu gani wa kidato cha sita utakiwao kwa kozi gani. Mathalani, ajaye kusoma udaktari lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Aliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili, hata awe na akili kama nini, hawezi kupenya lango lile. Lakini yule aliyesoma sayansi anayo milango mingi zaidi iliyo wazi mbele yake, hata ile ya upande mwingine.

Sasa tazama jinsi mtoto anavyoichagua kozi hiyo. Amemaliza kidato cha sita Ndanda, au Chidya, au Masasi Wasichana. Matokeo yametoka. Siku za kuomba ni chache. Anakwenda mjini Newala kwenye duka lenye kompyuta, anapanga foleni, na kijana mwenye duka anamwuliza, "Weka kozi gani?" Majina ya kozi ni marefu, na yako kwa Kiingereza. Nyuma yake kuna wenzake wanaongoja. Anataja ile aliyoahidi nyumbani, kisha anaongeza mbili nyingine alizosikia kwa rafiki kwamba zina mkopo. Baada ya wiki kadhaa jibu linarudi, amechaguliwa ile ya tatu! Hajui hata inafundisha nini. Lakini amechaguliwa, na kijiji chote kinashangilia.

Hivyo ndivyo wengi huingia. Mimi nasema, kijana wa miaka kumi na tisa aliyechagua njia ya maisha yake kwa dakika kumi kwenye duka la kompyuta, si ajabu akiona baadaye kwamba alikosea. Ajabu ni kwamba wengi hawakosei.

MWALIMU WA BIOLOJIA ALIYEHAMA

Huenda wewe waona kubadili masomo ni jambo la vijana wa siku hizi, wasiotulia. Basi nikukumbushe habari ya mtu unayemjua vema, ingawa sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi sana vijijini.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Tabora, kisha akaenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, akasomea ualimu mpaka mwaka 1945. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, shule ya Mapadre Weupe, ambako padre Richard Walsh alikuwa msaada mkubwa kwake. Alifundisha masomo gani? Biolojia na historia. Masomo mawili ya mbali sana, moja la sayansi na moja la mambo ya watu, yote katika mikono ya mwalimu mmoja.

Mwaka 1949, kwa fedha za msaada wa masomo kutoka serikali ya wakoloni, alikwenda Uingereza, na huko akapelekwa Edinburgh, mji wa Uskochi. Wakati ule Watanganyika waliosoma katika vyuo vya Ulaya walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alipofika, masomo yake ya kwanza yalikuwa mafupi ya kemia na fizikia. Waona njia ilikoelekea: huyu ni mwalimu wa biolojia, akaongezewe sayansi, arudi afundishe sayansi. Ndivyo ambavyo mtu ye yote angepanga.

Lakini Oktoba mwaka ule ule 1949 jina lake liliandikwa katika kitivo kingine kabisa, kile cha masomo ya sanaa. Hapo hapakuwa tena na kemia. Katika mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya jamii na desturi za watu. Mwaka wa pili akasoma historia ya uchumi na historia ya Waingereza wenyewe. Mwaka wa tatu sheria za katiba, pamoja na falsafa ya maadili, yaani elimu ya kupima lililo jema na lililo baya kwa akili. Alipata shahada yake mwaka 1952, na Oktoba mwaka huo akarudi nyumbani kwa meli.

Sasa nakuomba uitazame tena ile orodha ya masomo. Uchumi, desturi za watu, historia ya wale waliotutawala, sheria za katiba, maadili. Mtu aliyerudi na mzigo huo alikwenda kufundisha Pugu mwaka 1953. Mwaka huo huo akachaguliwa Rais wa Chama cha Waafrika, TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa. Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba mawazo yake ya siasa yalipevuka kule Edinburgh.

Ngoja, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtoto akiacha sayansi atakuwa Rais. Nchi hii yahitaji madaktari na wahandisi kuliko inavyohitaji wasemaji, na sisi wa Newala twajua ni kilomita ngapi mama mjamzito husafirishwa akipata shida usiku. Wala sisemi kwamba Nyerere asingalikuwa Nyerere kama angalisoma biolojia mpaka mwisho. Nani ajuaye? Ninalosema ni dogo zaidi: mtu makini, aliyekuwa na miaka ishirini na saba, aliyekwisha kufanya kazi, na ambaye masomo yake yalilipiwa na watu wengine, aliweza kuanza upande mmoja na kuendelea upande mwingine, na kazi haikuharibika. Tena alihama mapema, kabla ya mwaka wa kwanza wa shahada kuanza. Hakungoja mpaka mtihani wa mwisho umkute.

Jambo jingine la kuchekesha kidogo. Fasihi ya Kiingereza aliyoisoma kule, ambayo labda mzee wake angaliuliza itampikia ugali gani, ilimfanya baadaye akatafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Ya Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, naye wakati huo ni Rais wa nchi mwenye kazi nyingi mezani. Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969.

Wenzetu wa wakati ule ambao hawakwenda Ulaya hawakuwa hata na nafasi ya kuhama. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Aliyeingia pale asiipende sheria angehamia wapi? Ilimbidi aende Makerere au Nairobi, au avumilie. Leo vyuo ni vingi, hata hapa mkoani Mtwara tunacho Chuo Kikuu kishiriki cha Stella Maris kilicho chini ya Kanisa. Uwingi wa milango ndio uletao na mashaka haya ya kuchagua.

ANATOROKA AU ANAHAMA?

Turudi kwenye simu yako. Mwanao yuko upande wa pili anangoja, na salio lake linapungua.

Swali la kwanza si "kwa nini umetuaibisha?" Swali la kwanza ni "unataka kwenda wapi?" Kijana aliyefikiri vizuri atakutajia mahali: "Nataka kuhamia ualimu wa Biolojia na Kemia," au "nataka kilimo," au "nataka uuguzi." Lakini akikujibu, "Po pote tu, Baba, hapa siwezi," jua kwamba huyo bado anatoroka. Atorokaye hubeba shida yake hadi kule aendako.

Kisha mwulize tangu lini. Wiki tatu za kwanza za Chuo Kikuu ni ngumu kwa kila mtu. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza darasani hukuta mia mbili ambao wote walikuwa wa kwanza. Mwalimu anasema Kiingereza mbio, haandiki ubaoni, hamjui mtu jina. Wengine wana kompyuta zao, yeye anaandika kwa kalamu. Chakula ni cha kununua. Usiku hana mtu wa kumwambia neno la Kimakonde. Hali hiyo si kosa la kozi, na kubadili kozi hakuiponyi. Mara nyingi ikifika Januari imekwisha yenyewe. Mtoto wa namna hii ahitaji watu kuliko ahitajivyo fomu: mwambie amtafute padre mlezi wa wanafunzi, au umoja wa wanafunzi Wakatoliki, TMCS, ambao una matawi katika vyuo vingi. Atakuta humo kijana wa mwaka wa tatu kutoka Masasi au Tandahimba aliyelia machozi hayo hayo.

Kuna na hofu ya mtihani. Wanafunzi wana maneno yao: kushindwa somo na kulibeba mwaka unaofuata wanaita "kukeri," na kufukuzwa kwa kushindwa wanaita "kudisko." Neno hilo la pili huwanyima usingizi. Kijana akiona matokeo ya majaribio ya kwanza ni mabaya, anaweza kukimbilia kozi ambayo rafiki amemwambia ni nyepesi. Hapa yapasa mzazi apime. Kama ameshindwa jaribio moja, kuna mitihani ya marudio, kuna walimu wa kuuliza. Lakini kama kila siku anasoma mpaka saa saba za usiku, na bado hesabu za kozi ile ni ukuta kwake, basi kumlazimisha abaki ni kumsukuma kwenye hilo kudisko. Nimewahi kumsikia baba mmoja akijisifu kwamba alimkatalia mwanawe kuhama. Mwaka uliofuata kijana alikuwa nyumbani, amerudi bila kozi ya zamani wala mpya, akipulizia mikorosho salfa na kukwepa njia ya kanisani asiulizwe habari. Baba yule siku hizi hajisifu tena.

Na kuna wale wengine, ambao kwao jambo ni wazi kabisa. Walitaka ualimu tangu utoto, ila nyumbani walisema ualimu ni kazi ya maskini. Au binti aliyetaka uhandisi akaambiwa hiyo ni ya wavulana. Mtoto kama huyu anapokupigia simu habadilishi nia, anairudia. Hapo, mzazi, yatupasa tujichunguze sisi kabla ya kumchunguza yeye. Ile kozi tuliyoitangaza kijijini ilikuwa yake au yetu?

FEDHA, NA SIKU ZA KUHAMA

Sasa niseme mambo ya taratibu, maana huruma bila taratibu haimfikishi mtu.

Kubadili kozi ndani ya chuo kile kile, au kuhama chuo hadi chuo, kunaruhusiwa, lakini kwa masharti. La kwanza ni lile la lango: lazima awe na ufaulu unaotakiwa na kozi mpya kama aliyeiomba tangu mwanzo. Asipokuwa nao, hakuna barua ya padre wala ya diwani itakayomsaidia. La pili ni nafasi: kozi iliyojaa imejaa. La tatu ni siku, na hili ndilo linalowaumiza watu wa vijijini kuliko yote. Dirisha la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, hutangazwa na Tume pamoja na vyuo vyenyewe, kisha hufungwa. Nasi wakati huo huo tuko kwenye minada ya korosho, akili zetu zote ziko ghalani. Mtoto anasema, "Nitamwambia Baba mambo ya mnada yakiisha." Mnada unaisha, dirisha limekwisha fungwa. Baada ya hapo njia inayobaki mara nyingi ni kuacha na kuomba upya mwaka unaofuata, akianza tena mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo akipiga simu, hata kama umekasirika, usimwambie "tutazungumza Krismasi." Mwambie aende kesho yake ofisi ya udahili ya chuo aulize siku ya mwisho ni lini. Kuuliza si kuhama. Akionane na mkuu wa idara anayotaka kuiacha, na wa ile anayotaka kuingia. Ikiwezekana akae nyuma ya darasa la kozi mpya siku mbili tatu asikilize kinachofundishwa, kwani wengi hupenda jina la kozi ambayo hawajaisikia hata saa moja.

Halafu mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na watoto wengi wa wakulima wasingaliona lango la Chuo Kikuu bila Bodi hiyo. Lakini mkopo hupangwa kwa kutazama, pamoja na hali ya nyumbani, kozi yenyewe na ada yake na miaka yake. Kozi ikibadilika, ada hubadilika, miaka hubadilika. Basi asihame kwanza na kuuliza baadaye. Aende kwenye dawati la mikopo lililoko chuoni, aulize kwa maneno haya: nikihama, mkopo wangu utahama nami, na utakuwa kiasi gani? Jibu aliandike, na ajue jina la aliyempa. Kijana aliyehama bila kuuliza huweza kukaa miezi bila fedha ya chakula kwa sababu jina lake liko kozi ya zamani na mwili wake uko kozi mpya.

Tena ajue kwamba fedha aliyokwisha kupokea ni deni, hata kama kozi ile ameiacha. Akiajiriwa, sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 humkata asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mtoto wa aina ya kuhama kila mwaka anajichimbia shimo refu, na mzazi ana haki ya kumwambia hivyo wazi: mara moja tutakuelewa, mara ya pili utatueleza vizuri zaidi.

MJOMBA NA WALIOCHANGA

Huku kwetu mtoto si wa baba peke yake. Kwa mila yetu ya Kimakonde mjomba ana neno, pengine neno kubwa kuliko la baba, na mahali pengi ndiye aliyetoa fedha ya kwanza. Usimfiche. Jambo likifichwa mjomba akalisikia mnadani kutoka kwa watu, mtakuwa na ugomvi wa ukoo juu ya ugomvi wa kozi. Mwite, au kama yuko mbali mpigie, na ikiwezekana mwache kijana mwenyewe aeleze. Kueleza mbele ya mjomba ni mtihani mzuri: sababu isiyoweza kusimama mbele ya mjomba haifai kupelekwa kwa mkuu wa idara.

Na wale waliochanga je? Hapa ndipo aibu hutuuma, na mimi nakiri sioni njia nyepesi. Watu walichangia daktari, wanaletewa mwalimu. Lakini fikiri vizuri. Hawakununua daktari kama mtu anunuavyo baiskeli. Walimchangia mtoto wa jirani asome. Waambieni mapema na waziwazi, kabla ya uvumi. Wako watakaonung'unika. Yuko mmoja ambaye kwa miaka miwili kila akikuona atauliza, "Daktari hajambo?" na kucheka. Mvumilie tu.

Wako na wale wanaoona kwamba shahada ndiyo kazi, na kwamba aliyebadili shahada amebadili mkate. Hawa wakumbushwe habari ya jirani yetu wa Lupaso, Wilaya ya Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa pale mwaka 1938, akasoma Ndanda na Pugu, akaenda Makerere, akatoka mwaka 1962 na shahada ya Kiingereza. Je, alikuwa mwalimu wa Kiingereza? Alikuwa ofisa wa utawala, mhariri wa magazeti, balozi, waziri, na tangu 1995 hadi 2005 Rais wa nchi. Alipofariki mwaka 2020 alirudishwa Lupaso kuzikwa.

Au tazama jirani wa Kenya, Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasoma biolojia katika chuo cha masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, masista wa ukoo ule ule wa kitawa wa watawa wetu wa Ndanda. Akapata shahada ya pili Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua ya kazi katika zoolojia, akakuta kazi ile amepewa mtu mwingine. Angaliweza kukaa na kulia. Akakubali nafasi katika anatomia ya wanyama, idara ya udaktari wa mifugo, mahali ambapo hakukusudia kabisa, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa humo humo. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kila mara alihama, lakini kila mara alikuwa amekwisha kupata cheti cha pale alipotoka, na hilo nataka vijana walisome mara mbili.

Basi simu bado iko sikioni pako. Mama watoto ameacha kupima maji, anakutazama usoni ajue ni habari gani. Kijana upande ule anapumua tu. Mwulize anataka kwenda wapi, na tangu lini, na siku ya mwisho ya kuhama ni lini. Akisema hajui siku ya mwisho, mwambie aiulize kesho asubuhi, saa mbili, ofisi ikifunguliwa, kisha akupigie. Mwambie pia utampelekea vocha, asikose kupiga. Halafu mpe mama yake azungumze naye kidogo, nawe toka nje ukamwite mjomba.